Klipu za sauti kwenye FL Studio: kwa nini ukishusha moja zote zinashuka

Ndugu, unauliza kwa nini kwenye FL Studio (programu ya kutengeneza muziki) ukishusha sauti ya kiitikio cha pili ulichonakili, kiitikio cha kwanza nacho kinashuka: ni kwa sababu vyote viwili ni chaneli ileile, yaani chanzo kimoja cha sauti. Kunakili klipu (kipande cha sauti) kwenye Playlist, dirisha la kupangia wimbo, hakutengenezi sauti mpya, kunaionyesha ileile mara mbili, kwa hiyo ukibadili ukubwa wa sauti, pichi (juu au chini ya sauti) au urefu kwenye dirisha la chaneli, nakala zote zinafuata.

Bonyeza alama ndogo iliyo kona ya juu kushoto ya klipu unayotaka kuibadili, chagua Make unique (ifanye ya pekee). Hapo inapata chaneli yake na unaweza kuishusha utakavyo. Kama ni ukubwa wa sauti tu unaokusumbua na unatumia toleo la 21 au jipya zaidi, huhitaji hata hilo: klipu yenyewe ina geini (kiwango cha sauti) na fedi (sauti kupanda au kushuka taratibu) zake, gusa hiyo moja.

Kukata klipu kwa wembe (zana ya kukatia) ni jambo tofauti, kunabaki kwenye nakala uliyoikata na faili la asili haliguswi. Nahariri sauti za waimbaji kila wiki, na hapa ndipo naona kazi nzuri zinaharibika: ukikata katikati ya wimbi la sauti utasikia "tik" kwenye kiungo. Weka fedi fupi ya milisekunde 5 hadi 10, hasa kabla ya pumzi ya mwimbaji.

Ila klipu zikiwa bado kwenye trak moja ya mixa (sehemu ya kuchanganya sauti), eko (mwangwi) na kompresa (kifaa cha kusawazisha sauti kubwa na ndogo) zitaendelea kuzigusa zote. Ihamishie ile mpya kwenye trak yake.