Jibu: Jaguar XKSS zilibaki ngapi?

Mkuu, umeuliza zilibaki ngapi za Jaguar XKSS, gari la kasi la Uingereza, baada ya moto wa kiwandani wa 1957, na kwa nini wengine wanataja 25 na wengine 16. Namba zote mbili zina chanzo, ila iliyo sahihi ni 16.

Jaguar walikuwa na magari ya mashindano aina ya D-Type yaliyokosa wanunuzi, wakaamua kugeuza 25 yawe ya barabarani kwa jina la XKSS: mlango wa abiria, kioo kizima cha mbele, paa la turubai la kukunja, bampa. Hata nafasi ya mizigo hakuna, unafunga begi kwenye keria ya nyuma. Usiku wa tarehe 12 Februari 1957 kiwanda chao cha Browns Lane, mjini Coventry, Uingereza, kikashika moto. Tisa zikateketea. Zikabaki 16, nyingi zikauzwa Marekani, na moja ikawa ya mwigizaji Steve McQueen. Baadaye kiwanda kiligeuza D-Type nyingine mbili, ndiyo maana utasikia pia 18.

Sasa hapa kuwa makini sana. Mwaka 2016 Jaguar walitangaza kujenga tisa mpya kufidia zile zilizoungua. Ni kazi safi ya mikono, lakini kwangu mimi hizo si manusura, na haifai kuzijumlisha na zile za 1957. Pia D-Type zinaweza kugeuzwa na mafundi binafsi zikafanana kabisa, kwa hiyo umbo lisikuaminishe. Anza na namba ya chasisi, kisha fuata kumbukumbu za kiwanda na mlolongo wa wamiliki.