Maswali ya wasomaji: kengele ya wezi katika nyumba za Pwani

Swali: Asalaam aleikum. Tulifungiwa kengele ya wezi mwezi wa pili, ikatulia hadi upepo wa kusi ulipoanza. Sasa inalia usiku wa manane mara mbili tatu kwa wiki na mtu hatumuoni. Majirani wamechoka, hawatoki tena. Kihisi mwendo kiko sebuleni juu ya kabati, kimeelekea dirishani. Tununue kingine? – *Mama wa watoto watatu, Muyeye, Malindi*

Jibu: Waaleikum salaam, dada. Usinunue kitu bado. Hilo la majirani ndilo la kuharakishia, maana king'ora kilichozoeleka hakimtishi mwizi wala hakimwamshi mtu.

Anza kwenye kipedi cha namba. Fungua kumbukumbu ya matukio uone ni eneo gani lililolia, saa ngapi. Ikiwa kila mara ni sebule, umempata mkorofi.

Kihisi cha aina hiyo hufuata joto linalohama. Kioo chake cha plastiki huigawa sebule vipande vipande, na kitu chenye joto tofauti kikivuka kutoka kipande hadi kipande, kengele hulia. Pazia linalopeperushwa na kusi, na hewa ya baridi ikiingia nyuma yake, linatosha kabisa. Mjusi naye akitambaa juu ya kile kioo huonekana mkubwa kama mtu. Kwa hiyo weka mtambo kwenye hali ya majaribio (kifuniko kina swichi ya kuzuia uchokozi, ukikifungua hivi hivi kitapiga kelele), kisha fungua utazame ndani. Ukikuta vinyesi vidogo vyeusi vyenye ncha nyeupe, mjusi amefanya nyumba humo. Aliingia kwa tobo la waya ambalo fundi aliliacha wazi. Pangusa kwa brashi kavu, ziba tobo kwa silikoni, na tobo za skrubu pia, maana sisimizi hupita hapo wakaharibu ubao wa umeme.

Halafu kihamishe. Kiweke kwenye kona ya ukuta uleule wenye dirisha, kimo cha mita 2.1 hadi 2.4, ili dirisha liwe ubavuni mwake na mtu anayeingia alazimike kukatiza mbele yake. Anayekijia uso kwa uso, kihisi huchelewa kumwona. Juu ya kabati si mahali pake hata kidogo: paka akiruka hapo, hata kihisi kinachouzwa kuwa hakijali wanyama kitalia, kwa kuwa kimetengenezewa mnyama anayetembea sakafuni.

Mwisho, jaribu kwa kutembea chumbani, na jaribu saa tisa alasiri siku ya jua kali. Chini ya bati, nyumba iliyofungwa inapokaribia joto la mwili, nyuzi 37, mtu na ukuta huanza kufanana machoni pa kihisi. Kilichokushika vizuri asubuhi kinaweza kukuachia mchana. Kama ndivyo, hapo sasa nunua kingine, chenye uwezo wa kujirekebisha joto likipanda.

Swali: Nyumba yetu ni ya mawe, ya wazee, ina kiwanda (ua wa ndani) katikati na mlango wa nakshi. Fundi ataka kutoboa mlango aweke sumaku ya kengele. Tena asema tuchukue mtambo usio na waya. Mwaonaje? – *Msomaji, Mkomani, Lamu*

Jibu: Mlango usitobolewe, ndugu yetu. Mfaa (nguzo ya katikati ya mlango) na miimo yenye nakshi haina kipuri dukani. Zaidi ya hayo, mbao hufura masika na kunywea kiangazi. Sumaku iliyofungwa kwa nafasi finyu itaachana na swichi yake mlango ukiwa umefungwa. Weka kihisi mwendo ndani ya tekani (ukumbi wa kuingilia), kikatize njia. Kila aingiaye kwa mlango ule lazima apite hapo.

Mlango wa kuwekea sumaku ni ule wa ngazi ya darini. Nyumba za Mkomani zimeshikana, na atokaye dari ya jirani hana haja ya mlango wako wa mbele. Ule kwa kawaida ni wa mbao tupu. Funga upande unaofunguka, mbali na bawaba, kwa skrubu za shaba nyeupe au chuma kisichoshika kutu. Gundi ya karatasi inayokuja na kifaa haikai kwa unyevu wetu. Kihisi cha ndani kisitazame kiwanda: mvua, jua, paka na popo vitakikosesha usingizi, nawe pia.

Kuhusu waya, kuta za matumbawe zenye unene wa karibu nusu mita hula mawimbi. Kabla ya kutoboa popote, washa sanduku kuu, shika kila kifaa pale pale kitakapokaa, usome nguvu ya mawimbi. Kikiwa dhaifu, ongeza kirudishi kimoja (kifaa cha kupokea mawimbi na kuyarusha tena) au pitisha waya kando ya boriti. Na kabla ya kutundika king'ora ukuta wa uchochoroni, ulizia ofisi ya Makumbusho ya Taifa, kwani Mji wa Kale umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001.

Swali: Stima ikikatika kengele yetu hudumu saa mbili tu. Na king'ora cha nje, mita 30 kutoka kwenye sanduku, hulia kama kinakoroma. Betri ni ya volti 12, 7Ah (ampia-saa 7). – *Msomaji, Barani, Malindi*

Jibu: Ni hitilafu mbili. Chukua sanduku miliampia 100, kipedi 50, vihisi vinne 12 kila kimoja, kifaa cha laini ya simu 50: jumla karibu 250, yaani ampia 0.25. Gawanya 7 kwa 0.25, upate saa 28. Betri nzima ingekuvusha usiku mzima. Pima stima ikiwepo: usome volti 13.6 hadi 13.8. Zikipungua, huenda kichaji ndicho kibovu. Zikiwa sawa, chomoa soketi. Ikishuka chini ya 12 ndani ya saa moja, betri imekufa. Ile mpya usiiweke karibu na bati: kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza umri wake kwa nusu hivi.

King'ora kinanyimwa umeme na waya. Waya wa milimita mraba 0.22, mita 30 kwenda na 30 kurudi, una karibu omu 4.7. King'ora kikivuta ampia moja, volti karibu tano hupotea njiani. Badilisha kipande hicho uweke waya wa 1.5, upotevu ushuke hadi volti 0.7. Vihisi viache na waya wake mwembamba. Vinakula kidogo mno kuhisi tofauti.