Shangazi, niliondolewa Kanada. Mke wangu anaweza kuniita?

*Shangazi, shikamoo. Mwaka 2018 ombi langu la ukimbizi lilikataliwa Toronto, nikapewa amri ya kuondoka ndani ya siku 30. Nilikaa miezi mitano zaidi, nikajikatia tiketi na kurudi Mwanza bila kuonana na afisa yeyote wa mipaka. Mwaka jana nilifunga ndoa bomani na mwenzangu ambaye ni raia wa Kanada, na anataka kunidhamini. Binamu yangu anasema nitumie pasipoti mpya, ya zamani nisiitaje kabisa. Nifanyeje?*
*Mume wa Kirumba*

Marahaba, mwanangu. Ushauri wa binamu yako uache leo hii. Alama za vidole ulizotoa ulipoomba ukimbizi wanazo, na safari hii utatoa tena. Halafu fomu IMM 5669 inauliza waziwazi kama umewahi kunyimwa ukimbizi au kuamriwa kuondoka nchi yoyote. Ukijaza "hapana" unafungiwa miaka 5 kwa udanganyifu, hata ndoa yenu iwe ya kweli namna gani. Kosa lako la zamani lina njia ya kulirekebisha. Usiongeze jingine juu yake.

Kanada ina amri za aina tatu za kumtoa mtu nchini. Mwenye amri ya kuondoka akitoka ndani ya siku 30 na afisa wa mipaka akampa cheti cha kuondoka, hahitaji idhini ya kurejea. Amri ya kutengwa humfungia mtu mwaka 1, au miaka 5 kama alidanganya. Amri ya kufukuzwa haina mwisho: bila idhini maalumu ya kurejea, huingii. Yako ilianza kuwa ya kwanza, siku 30 zilipopita ikageuka yenyewe kuwa ya tatu. Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu hakuna aliyewakamata na nauli walijilipia, wakadhani mambo yameisha. Kujilipia kunakusaidia kwa jambo moja tu: hudaiwi tiketi. Ambaye serikali ilimkatia tiketi hutakiwa kurudisha fedha hizo kabla ya kurejea.

Mkeo aombe nakala ya faili lako kwa shirika la huduma za mipaka la Kanada, kwa idhini yako ya maandishi. Msiandike barua yoyote kabla ya kuisoma.

Barua ya kuomba idhini ya kurejea mtaiambatisha na maombi ya udhamini, na ina ada yake. Ndoa peke yake haitoshi. Afisa atapima kosa lilikuwa kubwa kiasi gani, muda uliopita, kama ulishirikiana nao, na uwezekano wa kurudia. Kwa hiyo taja tarehe, eleza kwa nini ulichelewa miezi mitano, kiri kwamba ulivunja amri, kisha onyesha maisha yako ya sasa Mwanza: kazi, kodi, familia. Kurasa mbili zinatosha. Kulalamikia waliokukatalia ukimbizi hakutakusaidia kitu.

Mkeo atajaza fomu ya udhamini, IMM 1344, na mtajaza pamoja IMM 5532 kuhusu uhusiano wenu. Kwa mwenzi hakuna kima maalumu cha kipato, ila asiwe anaishi kwa msaada wa serikali, isipokuwa wa ulemavu. Ahadi yake ya kukutunza ni ya miaka 3, na talaka haiifuti. Kwa kuwa uliwahi kuondolewa, ndoa yenu itachunguzwa zaidi. Wekeni tiketi za safari zake za kuja Mwanza, miamala ya fedha, picha za mahari na za bomani zikiwa na wazazi wa pande zote. Nyaraka za Kiswahili zitafsiriwe kwa Kiingereza au Kifaransa pamoja na kiapo cha mfasiri, na mfasiri asiwe ndugu.

Kama una mtoto popote, hata anayelelewa na mama yake Sengerema na hamjakusudia kusafiri naye, mtaje, naye apimwe afya. Usipomtaja, mlango wa kumdhamini baadaye kama mwanafamilia unaweza kufungwa. Hili limeumiza wazazi wengi mno.

Barua ya alama za vidole hukupa siku 30, na kituo kiko Dar es Salaam, basi weka akiba ya nauli mapema. Vipimo vya afya subiri uagizwe, maana hudumu miezi 12 tu.

Wakikataa, mwenye haki ya kukata rufaa ni mkeo, si wewe, na ana siku 30 tangu apate barua ya kukataliwa. Atafute wakili wa uhamiaji huko Kanada mapema, asisubiri mpaka siku hizo zianze kuhesabiwa.