Mahindi Malindi: tazama tarehe kabla ya kuchagua mbegu

Kila mvua zikikolea Mei, napigiwa simu na wenzangu wa Kakuyuni na Ganda: nipande mbegu gani? Nami huuliza kwanza, shamba umeshalima?

Huku kwetu mvua kubwa huanza mwishoni mwa Machi au Aprili, hushika kasi Mei, na ikifika Julai zimepungua sana. Muda wenyewe ndio huo. Mimi hapa Gede husafisha shamba kaskazi ingali inavuma, kisha hupanda mvua ya kwanza inapolowesha ardhi hasa, si ile rasharasha ya kulaza vumbi. Udongo uliokauka miezi kadhaa ukipata maji hutoa naitrojeni, chakula cha mmea, kwa wingi. Mche uliowahi huifaidi. Uliochelewa huikuta imeshazama, hasa kwenye mchanga wetu huu mwepesi.

Lakini hasara kubwa iko mbele. Mvua ikikata wakati mahindi yanatoa mbelewele, ndevu hukauka kabla hazijapata chavua. Menya hindi la shamba lililopandwa mwisho wa Mei ujionee: punje zimeachana kama meno ya mtoto anayeng'oka, na nchani ni gunzi tupu. Hapo hata umwage mbolea gunia zima, punje hazirudi. Na viwavijeshi vamizi, walioingia Kenya mwaka 2017, huyashambulia zaidi mahindi ya waliochelewa.

Kuhusu mbegu, napendelea Pwani Hybrid 4 kwa sababu imetengenezwa kwa ukanda wetu na hukomaa kwa miezi mitatu hadi minne. Asiye na pesa za mbegu kila msimu achukue Coast Composite. Hiyo unaweza kujiwekea mbegu, lakini chotara kama Pwani Hybrid ukiirudia hushuka mazao. Wapenzi wa mdzihana, mahindi yetu ya kienyeji, kwa sima yake tamu, waipande mwanzo kabisa wa mvua. Ila tafadhali msiuziwe H614 kwa kuwa mmesikia sifa zake Kitale. Ile ni ya nyanda za juu, hukaa shambani miezi sita au zaidi, na mvua zetu hazingoji hivyo.

Katikati ya Mei ikikukuta hujapanda, weka kunde au pojo, upate chakula. Mahindi yangoje vuli, Oktoba, tena eneo dogo na mbegu ya muda mfupi, maana vuli ya huku haiaminiki.