Maswali ya Wasomaji: Njia ya waenda kwa miguu inapita mbele ya geti langu

SWALI: Ndugu mhandisi, mimi ni mstaafu, nakaa Sinza, Dar es Salaam. Serikali ya mtaa ilituita mkutanoni, tukaambiwa kwamba barabara yetu itawekwa lami na kwamba upande wa nyumba zetu itajengwa njia ya waenda kwa miguu yenye upana wa mita mbili. Wiki iliyofuata walipita vijana wenye rangi nyekundu, wakachora alama ya X kwenye ukuta wangu wa mbele, kwenye mwarobaini niliopanda mwenyewe mwaka 1988 na kwenye mteremko wa zege ninaopandishia gari. Naomba kujua kama nina haki ya kulipwa, kama mita mbili hizo ni za lazima, na kama maji ya mvua hayatageuka yakaingia uani kwangu.

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa kuwa ukuta unaweza kujengwa upya kwa wiki moja, lakini njia iliyojengwa kwa usawa usiofaa itakuletea maji kila masika kwa miaka mingi.

Njia nzuri haiwi tambarare kabisa. Huinamishwa kidogo kuelekea barabarani au kwenye mtaro, kiasi cha sentimeta mbili kwa kila mita moja ya upana, kwa hiyo njia yako ya mita mbili itakuwa juu kwa sentimeta nne upande wa ukuta kuliko upande wa barabara. Mguu hauuhisi mwinamo huo, ila maji huutii. Tatizo huja pale barabara yenyewe inapoinuliwa kwa tabaka za kifusi na kokoto, njia ikafuata kimo chake, na nyumba ya zamani ikabaki shimoni. Kabla kazi haijafika kwako, mwombe msimamizi wa mkandarasi akuonyeshe kigingi chenye alama ya kimo cha mwisho cha njia, kisha mwite fundi wako na mpira wake wa maji, ule mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ambao maji yake husimama kimo kimoja ncha zote mbili, ahamishe kimo hicho hadi kwenye sakafu ya baraza lako. Utaona kwa macho yako nani yuko juu na nani yuko chini. Ukikuta uko chini, peleka hoja yako kwa maandishi siku hiyohiyo kwa mkandarasi na kwa ofisi ya TARURA ya wilaya yako, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, wenye dhamana ya barabara za mitaa kama yenu, na nakala uiache kwa mwenyekiti wa mtaa. Kubadilisha mchoro ni rahisi kuliko kung'oa vitofali vya zege vilivyokwisha kutandikwa njiani.

Kuhusu malipo, jibu limo katika hati yako. Sinza ni miongoni mwa maeneo yaliyopimwa katika mradi wa viwanja na huduma wa miaka ya 1970, hivyo kiwanja chako kina mipaka na bikoni, yaani alama za mpaka zilizosimikwa ardhini na wapimaji, hata kama bikoni moja imezikwa chini ya ukuta. Mwite mpimaji aliyesajiliwa aitafute. Ukuta ukiwa nje ya bikoni, umesimama katika hifadhi ya barabara, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili ya barabara, na Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 haitakulinda, hata kama umekaa hapo miaka thelathini bila kuulizwa na mtu. Ukiwa ndani ya bikoni, hiyo ni ardhi yako inayotwaliwa, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Usikubali ukuta uvunjwe kabla ya kufanyiwa tathmini. Nikisema kweli, kuta nyingi nilizoziona zikichorwa X zilikuwa nje ya bikoni, na wenye nyumba walikuwa wanalijua hilo.

Mita mbili si anasa. Viti viwili vya magurudumu vinavyopishana vinahitaji takribani mita 1.8, na upana wa kuhesabu ni ule uliobaki baada ya kuondoa nguzo ya umeme na kibao cha matangazo. Hata hivyo njia inaweza kubanwa mahali pafupi, na hapo ndipo mwarobaini wako una nafasi ya kupona. Omba njia ipungue hadi mita 1.2 penye shina na vitofali viache mraba wa udongo kulizunguka. Wakikataa, ni heri mti ukatwe kuliko kukatwa mizizi ya upande mmoja, kwa maana mti wa namna hiyo husubiri upepo tu.

Sasa nije kwenye mteremko wako, ambao hukuuulizia sana, nami naona ndio kiini cha barua yako. Njia za waenda kwa miguu katika mitaa yetu hufia getini. Kila mwenye nyumba hujenga mteremko wake, huyu mrefu, yule mkali, na anayepita kwa miguu hupanda na kushuka kama aliye mashuani. Mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo kichwani huchoka geti la tatu, akashuka barabarani kutembea na bajaji, na hapo fedha yote iliyotumika imepotea. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka miundombinu ya umma ifikike, na kiti cha magurudumu hakiwezi kukatiza mteremko mkali kwa ubavu bila hatari ya kupinduka. Dawa yake ni njia kubaki katika kimo kilekile mbele ya mageti yote, na gari ndilo lipande kwa mteremko mfupi kwenye ukingo wa barabara. Waambie pia kwamba penye geti vitofali viwe vya unene wa milimita 80, ingawa kwingine milimita 60 zinatosha, na chini yake kokoto zishindiliwe sawasawa. Ukiona fundi anafukia mashimo kwa mchanga mwingi ili kusawazisha, msimamishe. Mchanga wa kulazia vitofali hauzidi sentimeta tano. Ukizidi, tairi za gari lako zitachora mabonde mawili kabla mwaka haujaisha.

SWALI: Nauza matunda mbele ya nyumba ya shangazi yangu huko Mwananyamala. Njia ikijengwa, nitafukuzwa?

JIBU: Dada yangu, meza ikiwa juu ya njia, ndiyo, utaondolewa, na wanaopita watakuwa na haki. Muombe shangazi arudishe ukuta wake ndani mita moja penye meza yako. Wateja wako watasimama njiani kwa dakika moja, lakini meza yako itakuwa katika kiwanja chenu. Maganda usiyasukumie kwenye matundu ya mifuniko ya mtaro.

SWALI: Mtaani kwetu njia imekamilika, lakini bodaboda wameigeuza barabara yao. Je, tuweke nguzo fupi za zege?

JIBU: Nguzo zitazuia bajaji na magari yanayoegeshwa, hazitazuia bodaboda, kwa sababu upana wa pikipiki na wa kiti cha magurudumu haupishani sana, ukibana nguzo hadi pikipiki ishindwe, umemfungia pia mwenye kiti. Acheni nafasi isiyopungua sentimeta 90 kati ya nguzo na nguzo. Kisha tembeeni barabarani mtazame dereva anakwepa nini. Mara nyingi ni shimo moja au matuta yaliyojengwa na wananchi wenyewe, na shimo hilo likizibwa, wengi wao hurudi kwenye lami.