Mjomba, chama kilichopata wabunge watano kimeigusa viza yangu

Shikamoo mjomba. Umeuliza mbele ya ukoo mzima kwenye kundi la familia, nami najibu mbele ya wote. Ulisema: huko Uingereza vyama vidogo vina kazi gani, ikiwa miaka nenda miaka rudi wanaotawala ni Labour au Conservative? Na nyinyi wahamiaji vinawahusu nini? Hilo la pili ndilo linaloniuma, lakini siwezi kulifikia bila kupitia la kwanza.

Mfumo wao wa ubunge unaujua, maana ndio waliotuachia. Nchi ina majimbo 650, kila jimbo lina mbunge mmoja, na anayeongoza kwa kura ndiye mshindi hata kama wengi hawakumtaka. Rais hawamchagui, waziri mkuu anatoka kwenye chama chenye wabunge wengi. Wala hawana kitu kama viti maalum vya kwetu, ambavyo vyama hugawiwa kwa kufuata kura zao za ubunge. Ukishindwa jimboni, kura zako zimeishia hapohapo.

Sasa tazama uchaguzi wa tarehe 4 Julai 2024. Labour walipata takriban asilimia 34 ya kura za nchi nzima wakaondoka na viti zaidi ya 400. Chama cha Reform cha Nigel Farage, kinachotaka uhamiaji upunguzwe sana, kilipigiwa kura zaidi ya milioni nne, kikapata wabunge watano. Liberal Democrats walipata kura chache kuliko Reform, kama milioni tatu na nusu, lakini wao waliingiza wabunge 72. Hakuna aliyeiba, mjomba. Kura za Reform zilitawanyika nchi nzima, huku wanakuwa wa pili, kule wa tatu. Liberal Democrats walichagua majimbo ya kupigania, wakayapita nyumba kwa nyumba wakigawa vipeperushi vya kuwaambia watu kwamba hapa ni sisi tu tunaoweza kumng'oa Conservative.

Hiyo ndiyo siri ya vyama vidogo hapa: hata visiposhinda, vinaamua nani ashindwe. Liz Truss, aliyekuwa waziri mkuu mwaka 2022, aliangushwa jimboni kwake South West Norfolk kwa kura 630. Aliyemshinda alikuwa wa Labour, na alipata kama asilimia 27 tu ya kura. Mgombea wa Reform alizoa karibu 10,000, nyingi kutoka kwa watu ambao zamani wangeichagua Conservative bila kufikiri mara mbili.

Hapa Leicester ninakoishi, kwenye jimbo la Leicester East, mambo yakaenda kinyume. Ni jimbo lenye Wahindi wengi waliotoka Uganda, Kenya na Tanzania. Wazee wao ukiwasalimia kwa Kiswahili wanaitikia vizuri kabisa. Labour walilishika tangu 1987. Mwaka 2024 watu wawili waliowahi kuwa wabunge wa Labour hapohapo, Keith Vaz na Claudia Webbe, wakagombea nje ya chama. Wawili hao kwa pamoja walichukua kura zaidi ya 8,000, na Labour ikashindwa kwa kura 4,426. Nchi nzima Conservative walikuwa wanapukutika, na hilo ndilo jimbo pekee walilomnyang'anya mwingine.

Lakini kuangusha wagombea ni jambo dogo. Kubwa ni hofu ambayo vyama vidogo vinawatia wakubwa. Mwaka 2013 David Cameron, waziri mkuu wa Conservative, aliahidi kura ya maoni ya kutoka Umoja wa Ulaya, na mimi naamini hakuwa na sababu nzito kuliko UKIP, chama cha Farage wakati ule kilichotaka nchi itoke Ulaya, kilichokuwa kinamega wapiga kura wake. UKIP ilipata kura karibu milioni 3.9 mwaka 2015 na mbunge mmoja tu. Mbunge mmoja! Mwaka uliofuata nchi ikapiga kura ya kutoka Ulaya. Chama ambacho bungeni kingeenea kwenye kiti kimoja kiligeuza historia ya taifa zima.

Sasa nije kwetu. Unajua nafanya kazi ya kutunza wazee, kama wanavyofanya Watanzania, Wakenya na Waganda wengi hapa. Machi 2024 serikali ya Conservative ilizuia watunzaji wapya wasije na wake, waume wala watoto wao. Ikaja Labour, tukadhani tutapumua. Tarehe 1 Mei 2025 Reform ilishinda uchaguzi mdogo wa Runcorn and Helsby kwa kura 6, jimbo ambalo Labour walilichukua kwa tofauti ya zaidi ya 14,000 miezi kumi tu kabla. Chama cha Greens, cha watetezi wa mazingira, kilipata kura zaidi ya 2,000 palepale; saba tu kati yake zingetosha kumwokoa Labour. Siku hiyohiyo Reform wakanyakua halmashauri kumi. Siku kumi na moja baadaye serikali ikatoa waraka wake wa uhamiaji: kuajiri watunzaji kutoka nje kukomeshwe, na muda wa kusubiri ukaazi wa kudumu upande kutoka miaka mitano hadi kumi. Kuajiri kutoka nje kulifungwa Julai mwaka huohuo.

Serikali inasema idadi ya wahamiaji ilikuwa imezidi mno, na ni kweli ilikuwa kubwa. Ila sitakuficha ninavyoona: waraka ule uliandikwa na watu wanaotazama nyuma yao kuona Farage amefika wapi. Mama anayemwogesha mzee wa Kiingereza saa kumi na mbili asubuhi, aliyewaacha watoto Morogoro akihesabu miaka mitano, mwaka 2025 aliambiwa huenda ikawa kumi. Aliyemsogeza huko hajawahi kuunda serikali.

Utaniuliza kwa nini hawabadilishi mfumo. Walijaribu Mei 2011, wakati Liberal Democrats walipokuwa ndani ya serikali ya mseto. Pendekezo lilikuwa mpiga kura apange wagombea kwa namba, wa kwanza hadi wa mwisho, na karibu asilimia 68 walikataa. Scotland na Wales kwa mabunge yao wanatumia uwiano wa kura, Ireland ya Kaskazini vilevile. Westminster, bunge kuu la Uingereza, tu ndiyo imeng'ang'ania, kwa kuwa anayeweza kuubadilisha mfumo ni yule yule ambaye mfumo huo umempa ushindi. Mimi nautaka uwiano, japo najua ungewapa Reform viti vingi zaidi. Watu milioni nne wakisemewa na wabunge watano hasira yao haipungui, inatafuta njia nyingine, na mara nyingi inatuangukia sisi.

Na hapa kuna jambo ambalo Watanzania wengi ninaokutana nao hawalijui. Kwa kuwa Tanzania imo Jumuiya ya Madola, Mtanzania mwenye miaka 18 anayeishi hapa kwa viza halali anaruhusiwa kujiandikisha na kupiga kura, ya udiwani na ya ubunge, bila kuwa raia. Mkenya, Mganda na Mnyarwanda pia. Mfaransa asiye na uraia haruhusiwi kumchagua mbunge, sisi tunaruhusiwa. Kituoni wanataka kitambulisho chenye picha, na pasipoti yetu ya Tanzania inakubalika. Wengi wetu tunanung'unika kuhusu viza jikoni kwetu, kisha siku ya uchaguzi tunapita mbele ya kituo tukielekea kazini. Runcorn iliamuliwa na kura sita.

Binti yako akija Septemba kusoma, mwambie akishapata anwani ajiandikishe wiki hiyohiyo. Nitamsaidia mwenyewe kujaza fomu.