Nyimbo zimetoweka kwenye simu? Usibonyeze kitu kwanza

Asubuhi moja nilivaa spika za masikioni, nikafungua programu ya muziki kama kawaida, nikakuta ukurasa mtupu. Hakuna nyimbo. Usiku wake nilikuwa nimelala nazo masikioni. Nyimbo zaidi ya 1,500, nilizozikusanya mojamoja kwa miaka saba, na ndani yake folda moja ambayo haikuwa na nakala mahali popote: rekodi 41 za mazoezi ya kwaya yetu. Nilizirekodi mwenyewe, kwa simu hiyohiyo, na baadhi ya sauti zilizomo ni za wenzetu waliokwisha kututangulia mbele za haki.

Nilichanganyikiwa, na mtu aliyechanganyikiwa mikono yake haitulii. Nilifuta programu ya muziki nikaiweka upya. Nikapakua programu tatu zinazojigamba kurejesha faili zilizopotea. Simu ikanionyesha ujumbe kwamba kadi ya kumbukumbu inahitaji kuandaliwa upya, nikakubali bila kusoma mstari wa pili. Kisha, kwa uchungu, nikaanza kupakua tena kwenye kadi ileile nyimbo nilizozikumbuka majina.

Jioni nilipoitoa kadi ndipo nikagundua kwamba kile kitrei kinachoibeba hakikuwa kimekaa sawa. Kilikuwa kimechomoza kidogo, labda simu iliangukia ubavu. Asubuhi ile nyimbo zangu zote zilikuwepo. Simu ilikuwa haijaisoma kadi tu. Kilichozipoteza ni yale niliyoyafanya baadaye.

Tangu siku hiyo wenzangu wananiletea simu zao, na swali langu la kwanza ni moja: umeshagusa nini mpaka sasa? Wimbo kutoonekana ni jambo moja, wimbo kutokuwepo ni jambo jingine, na hatari kubwa iko katika zile dakika chache kabla hujajua lipi limekukuta.

Angalia faili, usiangalie programu ya muziki

Programu ya muziki haipekui simu nzima kila unapoifungua. Android ina kitu kama daftari. Mfumo hupita kwenye folda, huandika jina la wimbo, mwimbaji, urefu wake na mahali faili ilipo, kisha programu zote za muziki husoma daftari hilo. Likiharibika au likiachwa nusu, utaona ukurasa mtupu ilhali faili zimelala palepale ulipoziacha.

Kwa hiyo fungua kidhibiti cha faili, ile programu inayokuonyesha folda na faili zilizomo kwenye simu. Ingia kwenye folda ya muziki, kwenye folda ya vilivyopakuliwa, kisha kwenye kadi kama unayo. Ukikuta wimbo, uguse uone kama unalia. Tazama na ukubwa wake: MP3 ya ubora wa kilobiti 128 kwa sekunde hula takriban megabaiti moja kwa kila dakika, hivyo wimbo wa dakika nne wenye megabaiti nne uko kamili. Ukionyesha sifuri, ujue limebaki jina tu. Kipimo kingine ni nafasi iliyotumika kwenye hifadhi. Kama haijapungua, nyimbo zako hazijaenda kokote.

Kama kadi yenyewe haionekani, zima simu, itoe, ifute upande wenye vile vibati vya rangi ya dhahabu kwa kitambaa kikavu, irudishe mpaka kitrei kikae sawa na ukingo, kisha washa. Na simu ikikuomba kuiandaa au kuifomati kadi, yaani kuifuta ianze upya, kataa. Ikikuomba mara kumi, kataa mara kumi.

Sasa tuseme faili zipo na zinalia, lakini programu ya muziki haizioni. Mara nyingi tatizo ni ruhusa. Kuanzia Android 11, programu usiyoitumia kwa miezi kadhaa hunyang'anywa ruhusa zake, na kuanzia Android 13 ruhusa ya muziki na sauti imetenganishwa na ile ya picha na video. Mtu anarudi kwenye programu yake ya zamani, anakuta patupu, anaanza kulia. Ingia kwenye mipangilio, tafuta programu hiyo, fungua ruhusa zake, iruhusu kusoma muziki. Zipo pia programu zinazoficha sauti fupi, za chini ya sekunde 30 au 60, ili milio ya arifa isichanganyike na nyimbo. Kama kilichopotea ni vipande vifupi, anza na mpangilio huo.

Halafu kuna faili moja ndogo ambayo imewaliza watu wengi. Inaitwa .nomedia. Haina kitu ndani, lakini ikikaa kwenye folda, mfumo huelewa kwamba chochote kilichomo humo, na kwenye folda zilizo ndani yake, kisiandikwe daftarini. Wengine huiweka makusudi ili kuficha vitu. Wakati mwingine huja yenyewe pamoja na folda uliyoihamisha kutoka programu nyingine. Dada mmoja wa sauti ya pili aliniletea simu yake akiwa ameshakata tamaa, nyimbo kama 300 hazionekani. Nikawasha chaguo la kuonyesha faili zilizofichwa, nikaikuta juu kabisa ya folda, rangi yake imefifia, ukubwa baiti sifuri. Nikaifuta hiyo peke yake, nikazima simu na kuiwasha. Kabla haijatulia sawasawa nyimbo zilishaanza kujipanga, na yeye akanishika mkono asiuachie.

Na kama unatafuta nyimbo ulizotumiwa kwa WhatsApp, kumbuka kwamba kuanzia Android 11 folda yake ilihamia ndani ya Android, kisha media, kisha com.whatsapp. Wengi bado wanaitafuta ilikokuwa zamani.

Kuna njia ya kulifuta daftari lote ili mfumo uliandike upya: unafuta data ya programu ya mfumo inayolitunza, ile ya hifadhi ya midia. Mimi naiweka mwisho kabisa, kwa sababu inaweza kuondoka na orodha za nyimbo ulizozipanga kwa mkono wako.

Zile ambazo hazikuwa faili zako

Hapa nitapita haraka. Wimbo ulioupakua ndani ya Spotify au Apple Music umefungwa kwa ufunguo wa programu hiyo, na hakuna chombo cha kurejesha faili kitakachokupa kitu kinacholia. Spotify hutaka uingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30, la sivyo vilivyopakuliwa havichezi. Usajili wa Apple Music ukiisha, navyo vinakufungia mlango. Kwenye iPhone kuna pia mpangilio unaoondoa nyimbo zilizopakuliwa pale nafasi inapobana. Hizo zinarudi kwa kupakuliwa tena, hazijapotea. Na unapoiondoa programu, folda yake ya ndani kwa kawaida huondoka nayo, kwa hiyo kabla ya kuiondoa chungulia kama umehifadhi humo kitu chako.

Wanaonihuzunisha ni wale waliopandisha nyimbo zao wenyewe kwenye Google Play Music. Huduma ile ilifungwa Desemba 2020, na data ikaanza kufutwa kuanzia tarehe 24 Februari 2021. Asiyehamishia kwenye YouTube Music wala kupakua nyimbo zake, hana pa kuzidai.

Zikiwa zimefutwa kweli

Anza na tupio. Files by Google na kidhibiti cha faili cha simu za Samsung hutunza vilivyofutwa kwa siku 30, na programu ya Files ya iPhone vivyo hivyo. Kwenye Android 11 na kuendelea, washa tena faili zilizofichwa utafute majina yanayoanza na .trashed, yakifuatwa na tarakimu na jina la wimbo wako. Ondoa hicho kiambishi cha mbele na wimbo unarudi.

Tupio likiwa tupu, jiulize wimbo ulikaa wapi. Kama ni hifadhi ya ndani ya simu za sasa, sitakudanganya: nafasi ni ndogo mno. Hifadhi hiyo imesimbwa, yaani data yake imefungwa kwa ufunguo, faili ikifutwa ufunguo wake huondoka nayo, na mfumo hupita baadaye kuisafisha ile nafasi. Programu inayokuahidi kurejesha kila kitu kwa kubonyeza mara moja, kisha inakudai pesa kabla ya kukuonyesha hata wimbo mmoja unaolia, usiipe hata senti. Mbaya zaidi, kuipakua tu ni kuandika data mpya juu ya nafasi unayoitegemea.

Kadi ni habari nyingine, na hapa ndipo penye matumaini. Faili ikifutwa kwenye kadi ya kawaida, mara nyingi data yake hubaki palepale. Kinachofutwa ni ile kumbukumbu inayosema hapa pana mwenyewe. Itabaki hivyo mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Ndiyo maana kosa langu kubwa halikuwa kukubali kuifomati kadi, bali ni kupakua nyimbo mpya baada ya hapo. Kila wimbo niliouokoa kutoka mtandaoni huenda ulikuwa unazika rekodi moja ya mazoezi.

Zima simu, toa kadi, iweke kando. Isipokuwa kama kadi hiyo uliiunganisha iwe sehemu ya hifadhi ya ndani, jambo linalowezekana tangu Android 6. Hiyo imesimbwa na inasomeka kwenye simu hiyo tu, kwa hiyo usiirudishe simu kwenye hali ya kiwandani hata uambiwe nini, maana ufunguo utapotea pamoja nayo.

Kadi ya kawaida ichomeke kwenye kompyuta kwa kisoma kadi. Kuunganisha simu kwa waya hakusaidii, maana kwa njia hiyo kompyuta huonyeshwa faili zilizopo tu, haiifikii kadi yenyewe. Kompyuta nayo inaweza kukuomba kuifomati au kurekebisha makosa yake. Kataa yote mawili. Kisha tazama kama kuna folda iitwayo LOST.DIR, ambamo Android huweka vipande ilivyovikuta havina mwenyewe. Majina humo ni tarakimu tupu. Nakili faili kubwa kwenye kompyuta, ongeza .mp3 mwishoni mwa jina, ujaribu kuicheza.

Mimi nilitumia PhotoRec, programu ya bure iliyoandikwa na Christophe Grenier. Jina linasema picha, lakini huokota MP3 na aina nyingine nyingi. Skrini yake ni nyeusi yenye maandishi, isikutishe. Unachagua kadi, unachagua aina za faili, unaionyesha folda ya kuhifadhia, na folda hiyo lazima iwe kwenye kompyuta, kamwe isiwe kwenye kadi unayoiokoa. Kisha unaiacha ifanye kazi. Yangu ilichukua usiku mzima.

Nilipoamka nilikuta faili zaidi ya 1,100 zenye majina kama f0482176.mp3. PhotoRec husoma yaliyomo ndani ya faili, haitegemei orodha ya kadi, kwa hiyo majina ya zamani hayarudi. Nyimbo za kawaida si shida, kwa sababu jina la wimbo na la mwimbaji mara nyingi yameandikwa ndani ya MP3 yenyewe, na programu ya MusicBrainz Picard inaweza kuyasoma na kuzipa faili majina upya. Utaona pia kwamba MP3 iliyokatika hulia mpaka pale ilipokatikia, kwa sababu imeundwa kwa vipande vidogovidogo. M4A, aina nyingine ya faili ya sauti ambayo simu nyingi huitumia kurekodi, ikikosa sehemu inayobeba mpangilio wake hailii kabisa, hata kama sauti nyingi imo. Kama programu yako ya kurekodi inakupa chaguo la MP3, fikiria kulitumia kwa rekodi usizotaka kuzipoteza.

Kadi iliyowahi kukutenda hivi usiiamini tena moja kwa moja. Zipo za bandia zinazojitangaza kuwa na gigabaiti 256 wakati uwezo wake halisi ni mdogo sana. Unaona majina ya nyimbo, unaona ukubwa, lakini hazilii. Programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux na Mac, hujaza kadi nzima na kuisoma tena, nawe utaujua ukweli wake. Ifanye hivyo baada ya kuokoa faili zako, maana jaribio hilo huandika juu ya kila nafasi iliyo wazi.

Rekodi za kwaya hazina jina ndani yake, kwa hiyo ilinibidi nizisikilize mojamoja. Nilikaa nazo siku mbili. Kwenye mojawapo nilisikia kikohozi kidogo, kisha mama yetu wa sauti ya kwanza akihesabu kwa kunong'ona kabla ya kuingia, kama alivyokuwa akifanya kila mara. Nikaisimamisha. Kabla ya kuendelea niliinakili ile folda nzima kwenye diski ya nje, na nakala nyingine nikaipandisha mtandaoni, jambo ambalo miaka saba yote nilikuwa nikisema nitalifanya kesho.

Kati ya 41 zilirudi 29. Kwa zilizobaki niliwaandikia wote niliowahi kuwatumia rekodi, nikawaomba wapekue simu zao za zamani, hata zile zenye kioo kilichopasuka walizozitupa kwenye droo. Nne zimepatikana hivyo. Nane bado ninazitafuta, na wiki iliyopita mwenzetu mmoja wa besi ameniambia amepata chaja inayoingia kwenye simu yake ya zamani.